Benzi la 1989 kwa bei ya IST: kulimiliki Dar kunagharimu nini?

Swali: "Shikamoo mzee. Naishi Goba, kazini ni Posta, na nina Toyota IST ninayoitumia kila siku. Mstaafu mmoja wa Mikocheni, jirani wa baba mkwe wangu, anauza Mercedes-Benz 300 SE ya mwaka 1989, usukani wa kulia, viti vya ngozi, ya petroli. Anataka milioni 12. Nikiuza IST yangu napata karibu hiyo hiyo. Gari limekaa uani muda mrefu ila linawaka. Nieleze ukweli: kwa mwezi litanila kiasi gani, na je, naweza kwenda nalo kazini?"

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine yote. Usiuze IST. Benzi lile linunue kama ukaguzi utakwenda vizuri, na kwa kweli ningefurahi ulinunue, lakini liwe gari la pili: la wikiendi, la kumpeleka mama harusini, la kwenda Bagamoyo na kurudi. Ukilitegemea kwa kazi, siku likikwama utakuwa na haraka. Mwenye haraka ndiye anayefungiwa spea mbovu, ndiye anayelipa bei yoyote anayotajiwa, na ndiye anayekubali fundi akate waya ili mradi gari litoke gereji jioni ile.

Najua milioni 12 ndiyo iliyokuvuta. Bei ya kulinunua gari lile imeshuka hadi ikafika kwenye IST, lakini bei ya kulitunza imebaki palepale. Hilo ni S-Class, gari kubwa la kifahari la Mercedes, umbo ambalo sisi mafundi tunaliita W126, lililotengenezwa kuanzia 1979 hadi 1991. Lilikuwa gari la mawaziri, mabalozi na wakurugenzi, na kila kitu ndani yake kiliundwa kwa kiwango hicho: shokapu, pampu ya mafuta, bushi, hata kitasa cha mlango. Muuza spea hakuulizi gari umelinunua kwa kiasi gani. Anakuuzia shokapu ya S-Class kwa bei ya shokapu ya S-Class.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo kila mtu huyauliza. Injini yake ni ya lita 3, silinda sita kwa mstari. Katika foleni zetu, gari hili likiwa zima hupata kilomita 5 hadi 7 kwa lita, na kwenye barabara iliyonyooka, mwendo wa 80 au 90, hufika 9 au 10. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo namba hubadilika. Tuchukue shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Goba hadi Posta na kurudi tuseme ni kilomita 40. Kwa kilomita 6 kwa lita, unachoma lita 6.7, karibu shilingi 20,000 kwa siku. Siku 22 za kazi ni kama 440,000. IST yako kwa njia hiyo hiyo, ikipata kilomita 13 kwa lita, inakula kama 203,000. Tofauti kwa mwaka inakaribia milioni 2 na laki 9. Tangi la Benzi hilo linabeba lita 90, kwa hiyo kulijaza mara moja tu ni 270,000. Ukilitumia wikiendi pekee, kilomita 200 kwa mwezi, tuseme kilomita 7 kwa lita, mafuta ni kama 86,000, na hapo hayakuumizi.

Serikali nayo si mzigo mkubwa. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Bima ndogo ya gari binafsi ni kama laki moja na ishirini hivi kwa mwaka. Bima kubwa ndiyo yenye mtego: kampuni itaandika thamani ya soko, zile milioni 12, kisha siku likigongwa taa, bampa na boneti, matengenezo yanaweza kukaribia au kuzidi thamani yote iliyoandikwa. Kama unataka bima kubwa, kubalianeni thamani kwa maandishi kabla ya kulipa. Na kabla ya kuhamisha umiliki, hakikisha jina kwenye kadi ni la huyo mstaafu mwenyewe, kisha kagua faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kwa namba ya gari.

Sasa nifike kwenye fedha yenyewe. Umeandika kwamba limekaa uani muda mrefu ila linawaka, kana kwamba kukaa ni sifa. Kwa gari la umri huu, kukaa ni ugonjwa. Raba haihesabu kilomita, inahesabu miaka na joto. Mipira ya breki, bushi za miguu ya mbele, raba zinazoshikilia injini, hozi za mafuta, mikanda, sili za madirisha, vyote vimekauka uani pale wakati gari halijasogea hata mita moja. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Mikocheni unaijua. Tairi zinaweza kuonekana mpya kwa kuwa meno yamejaa. Angalia ubavuni zile tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zikisoma 1214, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2014, na hupaswi kwenda nayo hata Kibaha.

Petroli iliyolala kwenye tangi nayo hugeuka kuwa kama gundi. Mfumo wa mafuta wa gari hili ni KE-Jetronic wa Bosch, ambao kwa sehemu kubwa ni wa kimakanika: mafuta yanasukumwa kwa presha ya juu na kugawanywa kwenye nozeli sita na kifaa kimoja kizito kilicho juu ya mkondo wa hewa. Uchafu mdogo sana unatosha kukikwamisha, na kukibadilisha ni kuuma meno. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuosha gari, ni kumwaga tangi lote, kusafisha chujio la ndani ya tangi, kubadilisha filta kubwa na hozi za nyuma. Asikushauri mtu utoe mfumo huo ufunge kabureta au injini ya Toyota. Gari litatembea, ndiyo, lakini utakuwa umeondoa kile ulichokuwa unakinunua, na siku ya kuliuza hutapata mtu wa kulitaka.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye maji, kwa sababu ndiyo yanayoua injini hizi Dar kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini. Metali mbili hizo zikikaa kwenye maji yasiyo na dawa, alumini ndiyo inayoliwa, taratibu, hadi njia za maji chini ya gasketi zinapanuka na gasketi inakosa pa kushika. Halafu fikiria maji tunayotumia. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na fundi au dereva akikuta maji yamepungua hujaza kwa dumu lililo karibu. Kutu inajaa kwenye rejeta, gari linaanza kuchemsha kwenye foleni ya Mwenge, hedi inapinda. Dawa ya rejeta kwetu si ya baridi. Ni ya kuzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, wala si asidi, na ubadilishe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Hakuna matengenezo ya bei ndogo yanayookoa fedha nyingi kama hayo.

Likichemsha, utakutana na fundi atakayekwambia "toa thamostati, maji yapite kwa uhuru". Mkatalie kwa adabu. Thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto la maji, ina kazi mbili kwenye injini hii: ikifunguka upande wa rejeta, inafunga njia ya mkato ambayo maji huzunguka ndani ya injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hairudi tena kwenye rejeta. Kwa hiyo gari linakuwa baridi asubuhi, halafu linachemsha zaidi mchana. Kinachotakiwa kukaguliwa ni rejeta yenyewe, klachi ya feni kubwa, na zile feni ndogo za umeme zilizo mbele. Klachi ya feni unaweza kuijaribu mwenyewe: injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini bila kukataa hata kidogo, imekufa. Geji ya joto ikikaa kati ya 80 na 100 kwenye foleni ya mchana, tulia. Hiyo ni kawaida yake.

Kuhusu spea, usiende Kariakoo ukiwa na picha kwenye simu na maneno "ya Benzi ya zamani". Nenda na namba ya chesisi. Ya 300 SE huanza na WDB126024, na kwa namba hiyo muuzaji makini anakupatia namba kamili ya kipuri, yenye A mwanzoni. Hapo unaweza kulinganisha bei kati ya duka la hapa, Dubai, Japani na Ujerumani ukiwa na uhakika mnazungumzia kitu kilekile. Kampuni yenyewe ina kituo cha magari ya zamani huko Fellbach, karibu na Stuttgart, na vipuri vingi vya W126 bado vinapatikana. Kwa sehemu za mguu na breki nunua za kampuni zilizokuwa zikikipelekea kiwanda vipuri: Lemförder, Bilstein, Sachs, Bosch. Bolijoint ya bei rahisi kwenye gari zito namna hii hukaa miezi michache, kisha unalipa ufundi mara ya pili.

Kuna jambo moja la spea ambalo wengi hulijua baada ya kulipa. Mzigo mwingi wa Dubai umetoka kwenye magari ya usukani wa kushoto. Injini, gia boksi, milango, viti, hivyo havina shida. Lakini taa za mbele za usukani wa kushoto hutupa mwanga upande wa kulia, yaani kwenye macho ya wanaokuja mbele yako, dashibodi haiingii, na vyuma vya usukani ni vingine. Kwa vitu hivyo tazama Japani, Uingereza au Afrika Kusini. Afrika Kusini magari haya yaliundwa kwenye kiwanda cha East London, yakiwa na usukani wa kulia kama yetu. Ni kiwanda kilekile ambacho wafanyakazi wake walimtengenezea Nelson Mandela 500 SE nyekundu mwaka 1990 baada ya kutoka gerezani. Ulizia huko kabla hujanunua taa kwa mtu wa mtandaoni.

Ufundi una gharama yake, na kubwa zaidi ni ya kukisia. Nikupe mfano mmoja. Gari linatoa moshi mweupe mwingi, na gia zinaingia kwa kishindo. Fundi wa kwanza anasema injini imekwisha, wa pili anasema gia boksi limekwisha, na wote wawili wanataka mamilioni. Pembeni ya gia boksi kuna kopo dogo la chuma, kubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, lenye mpira mwembamba ndani na bomba la kwenda kwenye injini. Mpira huo ukitoboka, injini inavuta mafuta ya gia boksi kupitia bomba hilo na kuyachoma. Unachomoa bomba, ukikuta ndani yake mafuta mekundu, umeupata ugonjwa, na kipuri chake ni miongoni mwa vya bei ndogo katika gari zima. Moshi wa bluu asubuhi tu, unaokwisha baada ya dakika chache, ni habari nyingine: hizo kwa kawaida ni sili za valvu, na hubadilishwa bila kufungua hedi. Kwa hiyo tafuta fundi anayepima kwanza, na umlipe vizuri kwa kupima. Saa mbili za fundi huyo zina thamani kuliko kipuri chochote utakachonunua.

Umeme wa magari haya huchosha watu bure. Fyuzi zake ni zile ndefu zenye ncha, na hewa ya pwani huzila kwenye ncha hizo hadi umeme unapita kwa kusitasita. Taa inafifia, dirisha linagoma, pampu inakatika njiani, na fundi umeme anaanza kupasua waya. Badilisha fyuzi zote kwa mkupuo, weka zenye ncha za shaba, safisha vishikio vyake. Ni kazi ya asubuhi moja na fedha ya chakula cha mchana.

Kiyoyozi ni kinyume chake. Gari la 1989 lilitoka kiwandani na gesi ya R12, ambayo iliondolewa duniani kutokana na Mkataba wa Montreal wa 1987. Kulihamishia kwenye gesi iliyochukua nafasi yake, R134a, si kujaza gesi tu. Inabidi kusafisha mfumo, kubadilisha mafuta ya kompresa, sili na kikaushio. Tatizo likiwa kwenye evapoleta, kile kipozeo kilichofichwa ndani ya dashibodi, dashibodi nzima inabomolewa, na dashibodi ya umri huo hupasuka ikiguswa na mtu asiye na subira. Kama kiyoyozi hakifanyi kazi siku ya ukaguzi, usikubali kauli ya "gesi tu imeisha". Gesi haiishi kwenye mfumo usiovuja. Punguza bei kana kwamba kazi yote ya kiyoyozi inakusubiri.

Lakini kitu kikubwa ambacho kingenifanya nikwambie uache kabisa ni kutu. Injini inatengenezeka, gia boksi linatengenezeka. Bodi iliyoliwa na kutu humeza fedha bila mwisho, na wapiga rangi wetu wengi huificha kwa puta, ule udongo wa kuzibia bodi. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe juu ya matao ya magurudumu, kuzunguka taa za mbele na chini ya milango. Pasiposhika pana puta. Kwenye umbo hili kuna sehemu mbili za siri. Ya kwanza ni zile plastiki pana za chini ya milango, kwa sababu chuma nyuma yake hakionekani hadi uzitoe. Omba ruhusa ya kuchungulia hasa kwenye matundu ya kuingizia jeki. Ya pili ni chini ya kioo cha nyuma. Sili ikizeeka, maji ya masika yanaingia polepole, yanateremka hadi kwenye buti na chini ya kiti cha nyuma. Fungua buti, nyanyua zulia, toa tairi ya akiba, pitisha mkono chini kabisa. Ukikuta unyevu, au ile harufu ya nguo iliyolala mvuani, mwombe mzee akuruhusu unyanyue kiti cha nyuma kabla hamjataja bei tena.

Basi hesabu yako, kwa makadirio yangu, ni hii. Mwaka wa kwanza weka pembeni milioni 6, nusu ya bei ya kununulia, mbali na hizo 12. Ndizo za kulipa miaka liliyokaa uani: tairi, breki, hozi, mikanda, maji na mafuta yote, filta, betri, bushi za mbele, na dosari mbili tatu utakazozigundua ukiwa njiani. Kama fedha hizo huna, gari hilo bado si lako, subiri. Baada ya hapo tenga 300,000 kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake, ulitumie au usilitumie. Kuna miezi hutaigusa kabisa, halafu mwezi mmoja itatoka milioni na nusu kwa siku moja. Ukiongeza mafuta ya wikiendi na sehemu ya bima, gari la pili litakugharimu karibu laki nne kwa mwezi. Ukilifanya la kila siku, mafuta yanapanda, sevisi zinakaribiana, mguu wa mbele unachoka kwa mashimo, na itakuwa laki nane hadi tisa. Nunua na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari hili ni mali: andika tarehe, kilomita, kipuri, namba yake, bei na jina la fundi. Daftari hilo ndilo litakalokupa bei nzuri siku ukiliuza.

Kwa ukaguzi wenyewe, mpigie mzee siku moja kabla, umwombe asiliwashe asubuhi hiyo. Fika mapema, weka kiganja kwenye boneti, liwe baridi. Funua kifuniko cha maji wakati huo tu, injini ikiwa baridi, na utazame rangi: bluu, kijani au ya dawa yoyote ni habari njema, kahawia ya kutu ni laki kadhaa za kupunguza, na utando wa mafuta juu ya maji maana yake muage mzee vizuri na urudi Goba na IST yako. Kisha mwombe aliwashe, nawe usimame nyuma utazame moshi. Liache lingurume palepale dakika 20 kiyoyozi kikiwaka, jicho lako likiwa kwenye geji ya joto, ndipo mwende nalo hadi makutano ya Morocco na kurudi. Yakipita yote hayo na buti likawa kavu, mpe milioni 10, na usione haya kupanda hadi 11.